Chumba, Spika, Risiva: Kujenga Sauti ya Sinema Nyumbani

Anayeingia Kariakoo ya Dar es Salaam, au Luthuli Avenue ya Nairobi, kutafuta homu thieta huulizwa swali moja kabla ya yote: unataka ya wati ngapi? Hapo ndipo anapoanza kupotea. Hajasema chumba chake kina ukubwa gani, kina zulia au vigae vitupu, watu hukaa umbali gani na runinga, wala wanatazama nini hasa, na tayari ameonyeshwa boksi lililoandikwa wati 10,000. Analipa, anabeba, anafunga, na jioni ya kwanza nyumba nzima inafurahia mngurumo. Malalamiko huja baadaye. Milipuko inatikisa madirisha, lakini maneno ya waigizaji hayashikiki. Rimoti haitoki mkononi: sauti inapandishwa watu wakizungumza, inashushwa risasi zikianza.

Sababu za tatizo hili zinajulikana, na nyingi zinatokana na kununua kinyumenyume. Watu huanza na risiva, yaani kile chombo kinachopokea picha na sauti, kinachotafsiri mifumo ya sauti na kuzisukuma spika. Kisha hutafuta spika za kuendana na pesa iliyobaki, na chumba hakifikiriwi kabisa. Ninashikilia mpangilio tofauti: chumba kwanza, spika tatu za mbele pili, risiva mwisho. Na kipimo cha kazi yote kiwe kimoja, kwamba mtu aliyekaa pembeni ya kochi aelewe kila neno bila kuomba sauti iongezwe.

Kuta za saruji

Nyumba zetu nyingi za mjini ni za matofali ya saruji yaliyopigwa lipu, vigae sakafuni, na madirisha makubwa ya vioo na alumini. Ni nyumba imara, rahisi kusafisha, lakini kwa sauti ni ngumu. Ukuta wa lipu uliopakwa rangi hunyonya takriban asilimia 2 tu ya sauti inayoufikia. Iliyobaki hurudi chumbani, ikagonga ukuta wa pili, ikarudi tena. Silabi moja inakuwa haijafifia na inayofuata imeshatamkwa juu yake.

Jambo hili lilipata hesabu yake Harvard. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, alipewa kazi ya kuchunguza ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, ambamo wanafunzi hawakuweza kumwelewa msemaji. Usiku, chuo kikiwa kimya, Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga humo kidogo kidogo, wakapiga bomba la kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kufifia. Kadiri mito ilivyoongezeka, ndivyo muda ulivyopungua. Kutokana na vipimo hivyo alipata kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia hadi leo: chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa kila kilichomo.

Tuitumie hapa kwetu. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 60. Kuta, dari na sakafu kwa pamoja ni mita za mraba 94. Ikiwa zote ni lipu na vigae, unyonyaji wake haufiki mita za mraba 2, na sauti huchukua zaidi ya sekunde 5 kufifia kabisa. Kwa filamu tunataka karibu sekunde 0.4. Ili kufika hapo chumba hichohicho kinahitaji unyonyaji wa mita za mraba 24, mara kumi na mbili ya ule wa awali. Kweli, hiyo ni hesabu ya chumba kitupu, na makochi, dari ya jipsamu na watu wenyewe hupunguza pengo. Lakini hakuna risiva, hata ya mamilioni, inayoweza kuliziba lililobaki.

Habari njema ni kwamba dawa yake haiuzwi kwenye maduka ya elektroniki. Zulia nene kati ya spika na makochi. Mapazia mazito yenye mikunjo mingi, kwa sababu pazia jepesi la kuzuia jua halishiki sauti. Makochi ya kitambaa badala ya ngozi. Na kwa anayetaka kufika mbali zaidi, fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, zilizojazwa pamba ya miamba au sufi iliyoshindiliwa kiasi, zikafunikwa kwa kitenge na kutundikwa ukutani. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaziweza, na zinapendeza. Zile sponji nyembamba zenye miinuko kama trei ya mayai hunyonya sauti kali za juu tu, na huacha uzito wote wa katikati ukizunguka chumbani. Pa kutundika fremu za kwanza panapatikana kirahisi: mmoja akae kwenye kochi, mwingine atembeze kioo ukutani, na pale aliyekaa anapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kumrudia.

Sauti nzito, yaani besi, ina tabia yake. Kwenye joto la nyuzi 28, la kawaida Dar es Salaam au Mombasa, sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 5 hukuza mno mtetemo wa hezi 35 hivi, upana wa mita 4 hukuza wa hezi 43, na kimo cha mita 3 hukuza wa hezi 58. Ndiyo maana besi fulani hulipuka kwenye kochi moja na kupotea kabisa kwenye kochi la pili. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, maana urefu na upana hukuza mtetemo uleule kwa pamoja. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya vyumba viwili achague kile ambacho vipimo vyake vitatu havilingani.

Hapa ushauri wa magazeti ya Marekani unatakiwa kusomwa kwa uangalifu. Nyumba nyingi za huko zina kuta za fremu ya mbao na jipsamu nyembamba, ambazo hutikisika na kumeza sehemu ya besi au kuipitisha nje. Saruji yetu huirudisha karibu yote. Sabufa kubwa inayosifiwa kule kwa chumba cha ukubwa fulani, hapa itanguruma hadi ifunike mazungumzo. Sabufa ya kiasi inatosha, na mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Mwaka 2002 mtafiti Todd Welti wa kampuni ya Harman alionyesha kwamba sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana husawazisha besi kwenye viti vingi. Mwenye moja tu afanye hivi: aiweke pale anapokaa yeye, apige muziki wenye besi inayotembea, kisha azunguke chumba akiinama pembezoni mwa kuta. Mahali besi inaposikika sawasawa ndipo pa kuiweka.

Spika tatu za mbele

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba sauti nzuri ni suala la ladha, kila mtu na sikio lake. Mkanada Floyd Toole, kwanza katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye Harman, aliijaribu imani hiyo kwa kuwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wasiojua bei, jina wala umbo la spika walikubaliana kwa kiasi cha kushangaza. Walipenda spika inayotoa sauti zote kwa uwiano, bila kuzidisha ya chini wala ya juu, na ambayo sauti yake ya pembeni inafanana na ile ya mbele. Matokeo hayo yamezaa kipimo cha kiwandani, CTA-2034, na wapimaji huru huchapisha michoro yake kwa spika nyingi, za bei ndogo na kubwa. Mstari unaokwenda bila mabonde na vilima ni taarifa ya maana kuliko maneno yote yaliyo kwenye boksi.

Katika filamu, spika ya kati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Hata hivyo ndiyo inayonunuliwa kwa pesa kidogo zaidi, kisha ikasukumwa ndani ya kabati la runinga, ikilenga magoti ya watazamaji. Nyingi hulazwa: koni mbili kubwa pembeni na spika ndogo ya sauti za juu katikati. Umbo hilo linakaa vizuri chini ya runinga, lakini koni zile mbili hupingana kwa mtu aliyekaa pembeni, na sauti za katikati, ambamo maneno yamo, humpungukia. Ningependelea spika tatu za aina moja, zote za rafu, zote zimesimama, ya kati ikiwa juu au chini ya runinga na kuinamishwa ielekee masikioni. Isipowezekana, spika ya kati iwe ya familia moja na zile mbili, na itoke nje hadi ukingo wa kabati. Kwa za kushoto na kulia, Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu unapendekeza nyuzi 30 kila upande ukipima kutoka kwa msikilizaji, na zile za pembeni-nyuma nyuzi 100 hadi 120.

Kisha kuna namba ambayo wauzaji hawaitaji: wepesi wa spika kuitikia umeme. Spika ya desibeli 88 hutoa kiwango hicho ikilishwa wati 1 na kupimwa mita 1 mbele yake. Kwenye kochi lililo mita 3, ndani ya chumba cha kawaida, tuseme zinabaki 82. Kwa kilele cha desibeli 95, ambacho kwa sebule ni kikali vya kutosha, tunahitaji desibeli 13 zaidi, nazo ni wati 20 tu. Spika ya desibeli 82 ingetaka wati 80 kwa kazi ileile. Kiwango kamili cha ukumbi wa sinema, kilele cha desibeli 105, kingemdai mwenye spika ya kwanza wati 200, lakini wachache sana wanastahimili kelele hiyo nyumbani, na majirani hawamo kabisa. Anayechagua spika nyepesi kuitikia amejipunguzia gharama ya risiva kabla hajaitafuta.

Spika za mtumba kutoka Ulaya zinaweza kuwa hazina kweli. Spika nzuri iliyotengenezwa miaka 25 iliyopita bado ni spika nzuri, kwa sababu elimu yake haikubadilika sana. Cha kukagua ni ule ukingo laini unaozunguka koni. Wa mpira hudumu. Wa sponji huoza, na joto lenye unyevu la pwani huuozesha haraka. Ubonyeze taratibu kwa kidole. Ukimeguka, jumlisha gharama ya fundi kwenye bei au achana nayo. Kwa spika mpya za bei ya chini sana, ziinue. Boksi refu lenye koni nne zinazoonekana, lakini jepesi kama tupu, mara nyingi lina koni mbili tu zilizounganishwa na waya.

Unatazama nini?

Kabla ya kuhesabu chaneli, mtu ajiulize sauti yake inatoka wapi. Sauti ya kidijitali ya Dolby ya chaneli 5.1, yaani tano na moja ya besi, iliingia kumbi za sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. Dolby Atmos, yenye sauti za juu ya kichwa, ilianza kumbini 2012 na kufika majumbani 2014. Mwenye intaneti ya uhakika na huduma za filamu za kulipia anaipata mifumo hii, na mwenye diski za Blu-ray anaipata katika ubora wake wa juu kabisa.

Lakini sehemu kubwa ya wapenzi wa filamu kwetu walikuzwa na vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, na filamu zilizotafsiriwa: sauti ya Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, na wengi waliowafuata. Katika kazi hizo simulizi huwekwa juu ya sauti ya filamu, na msimulizi ndiye mhusika mkuu. Hakuna chaneli za nyuma zilizotunzwa humo. Anayetazama hizo, pamoja na mpira na tamthilia za kwenye king'amuzi, atafaidika zaidi na spika mbili bora, ya kati moja na sabufa, kuliko spika tisa dhaifu. Risiva ya kisasa inaweza kuchukua sauti ya chaneli mbili na kuipeleka sauti ya msimulizi kwenye spika ya kati, na hapo maneno yanakaa sawa kwenye runinga hata kwa aliye pembeni.

Spika za Atmos zinazorusha sauti darini ili irudi chini zinahitaji dari tambarare na ngumu, ya kimo cha kawaida. Jipsamu zenye ngazi na mapambo, ambazo mafundi wetu wanazipenda sana, huitawanya sauti hiyo kabla haijamfikia mtu. Anayezitaka chaneli za juu kwa dhati atoboe dari na afunge spika humo, ikiwezekana kabla ya kupaka rangi.

Risiva na wati zake

Wati 10,000 zile za kwenye boksi haziwezekani. Geuza chombo usome kibandiko cha nyuma, palipoandikwa umeme kinaotumia kutoka ukutani. Mara nyingi ni wati 60 au 100. Hakuna chombo kinachotoa kwa muda wowote wa maana umeme mwingi kuliko kinaoupokea. Marekani, tatizo hili lililazimisha Tume ya Biashara ya Shirikisho kutunga kanuni mwaka 1974 ya jinsi ya kutangaza nguvu za amplifaya.

Hata risiva za viwanda vyenye heshima hutangaza namba mbili. Moja inapimwa kwa chaneli moja, kwa mtetemo wa hezi 1,000 pekee, na upotoshaji wa asilimia 10, ambao sikio lolote linausikia. Nyingine inapimwa kwa chaneli mbili pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, kwa upotoshaji usiofika asilimia 0.1, na ohm 8. Ya pili ndiyo ya kulinganishia. Risiva ya wati 80 kwa kipimo hicho inaitosha sebule ya mita 4 kwa 5 yenye spika tulizozieleza. Kuongeza hadi wati 100 ni tofauti ya desibeli 1, ambayo ni vigumu kuisikia. Cha kuangalia zaidi ni ohm: spika ya ohm 4 hudai mkondo mara mbili ya ile ya ohm 8, na risiva ndogo hupata moto nayo. Iachiwe nafasi juu na pembeni ipumue, isifungiwe kabatini.

Baada ya nguvu, mambo matatu yanastahili pesa. La kwanza ni mfumo wa kujipima chumba kwa kipaza sauti kinachokuja ndani ya boksi, kama Audyssey, YPAO ya Yamaha au Dirac. Hupanga umbali, viwango na besi, ingawa haufuti mwangwi wa vigae. La pili ni matundu ya HDMI yenye eARC, ili runinga irudishe sauti kamili kwa waya mmoja. ARC ya zamani hupitisha Atmos iliyobanwa tu. La tatu ni tundu la sabufa, ikiwezekana mawili, na uwezo wa kuamua sauti nzito zikatwe wapi. THX, kampuni inayothibitisha vifaa vya sauti ya sinema, ilichagua hezi 80, na kwa spika za rafu ni mahali salama pa kuanzia.

Waya usimle mtu pesa. Shaba halisi ya milimita za mraba 2.5, hata ile ya duka la vifaa vya umeme, inatosha kwa mita 10. Jihadhari na alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa jina la shaba. Ikwangue kwa kisu uone rangi ya ndani.

Umeme ndio unaoua vifaa hivi hapa kwetu. Risiva ya mtumba ya Japani hutaka volti 100, ya Marekani 120, nasi tuna 230 hadi 240. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo mkubwa kuliko matumizi ya risiva, na ya Marekani iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee inaweza kupata joto kwenye hezi 50 zetu. Za Japani hazina shida hiyo sana, kwa kuwa nchi hiyo yenyewe hutumia 50 upande wa Tokyo na 60 upande wa Osaka. Kwa mnunuzi wa kawaida, ya Ulaya au ya soko letu, yenye volti 230, inaepusha usumbufu wote huu. Mbele yake pawe na kizuia umeme kinachochelewa kuwasha baada ya kukatika, na mvua yenye radi ikianza, plagi ichomolewe pamoja na waya wa dishi. Inveta ya bei rahisi yenye wimbi la ngazi huleta mvumo kwenye spika. Ya wimbi safi haileti.

Mwenye bajeti ndogo ningemgawia hivi: nusu iende kwa spika tatu za mbele, robo kwa risiva ya chaneli 5.1 au 7.1, iwe mpya au mtumba uliojaribiwa dukani, na robo ya mwisho igawanywe kati ya sabufa na zulia na mapazia. Spika za nyuma zinaweza kungoja mwaka mzima bila filamu kuharibika. Risiva huzeeka kila viwango vya HDMI vinapobadilika, lakini spika zilizochaguliwa vizuri zitazihudumia risiva tatu au nne zinazofuata. Anapokwenda kununua, aende na filamu anayoifahamu ndani ya flashi, aombe sehemu ya mazungumzo ya kunong'ona ichezwe kwa sauti ya chini, kisha asogee hatua mbili kando na asikilize tena.